Waliomo Ndani ya Faili la Mtu Mwingine

Chukua faili moja la pensheni ya askari aliyepigana Vita vya Mapinduzi vya Marekani, vile vya 1775 hadi 1783. Juu ya jalada pana jina moja tu, la askari. Ukianza kufungua kurasa unakutana na mke wake, watoto wake, jirani aliyekuja kutoa ushahidi, hakimu, karani wa mahakama, mchungaji aliyewafungisha ndoa, na mwenzake wa kikosi aliyeapa kwamba walilala hema moja majira ya baridi. Pengine yumo na mtu aliyekuwa mtumwa katika nyumba hiyo, ametajwa kwa jina la kwanza tu, katikati ya orodha ya mali. Faili moja linaweza kubeba watu kumi na tano, hata ishirini. Faharasa inamjua mmoja.

Hao wengine ndio wanaonirudisha kwenye kazi hii kila nipatapo jioni yenye nafasi. Kazi yenyewe haina malipo. Unasoma picha za nyaraka za kale mtandaoni, unayaandika kwa chapa maneno yaliyomo, kisha unauwekea ukurasa lebo ili atakayeutafuta aupate. Wengi huisifu kwa kuwa inahifadhi historia. Mimi naona kuhifadhi kulishafanyika: karatasi zimetunzwa, maboksi yamepangwa, picha zimepigwa. Kilichobaki ni swali la nani ataonekana, na kwa mara ya kwanza jibu lake haliko kwa watunza nyaraka peke yao. Liko pia kwa yeyote mwenye kompyuta na subira ya kusoma mwandiko mbaya.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina mafaili ya namna hiyo yapatayo 80,000, yenye kurasa zaidi ya milioni 2.3, na picha zake zimo kwenye katalogi yake ya mtandaoni. Utajiri wake ulitokana na moto. Novemba 1800 ofisi za Wizara ya Vita ziliungua, na kumbukumbu nyingi za utumishi wa askari zikateketea. Kwa hiyo Bunge lilipoanza kupanua malipo kwa wazee wa vita, mwaka 1818 kwa waliokuwa na dhiki, kisha 1832 kwa yeyote aliyetumikia angalau miezi sita, mzee wa miaka sabini au themanini mara nyingi hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Ilimbidi aende mahakamani asimulie alijiunga wapi, nani alikuwa kapteni wake, alipita miji gani, alijeruhiwa lini. Karani akawa anaandika.

Mwaka 1820 waombaji walitakiwa pia kuorodhesha mali yao yote kuthibitisha ufukara wao, ndiyo maana unakuta kurasa zinazohesabu ng'ombe, viti, sufuria, shoka na madeni, pamoja na majina na umri wa waliokuwa wakiishi nyumbani humo. Kisha sheria ya 1836 ikafungua mlango mpana zaidi kwa wajane. Mjane naye alikuwa na mtihani wake: athibitishe kwamba ndoa ilikuwepo. Wapo waliochana ukurasa kutoka katika Biblia ya familia, ule ulioandikwa tarehe za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto, wakaupeleka pamoja na maombi. Kurasa hizo zingali zimo ndani ya mafaili, na ukingo uliochanika unaonekana kwenye picha.

Mimi huwa nakaa sana kwenye viapo vya wajane. Mara nyingi mwishoni hapana sahihi, pana alama ya X, na karani ameandika jina la mwanamke huyo nusu kushoto na nusu kulia kwa alama yake. Kalamu iliyochora msalaba ule ilishikwa na yeye mwenyewe. Ametajwa humo umri wake, kijiji alichokuwa akiishi wakati vita vinaanza, siku mumewe alipoondoka, siku aliporudi, watoto waliozaliwa kabla na baada. Ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe, mbele ya mashahidi, chini ya kiapo. Lakini ukiliandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, kabla ukurasa haujanakiliwa, hupati kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nalo lisiposomeka hupotea vilevile.

Utaratibu wa kunakili si mgumu kuuelewa. Unajiandikisha, unachagua mkusanyo, unafungua ukurasa ambao haujakamilika. Picha iko upande mmoja, kisanduku cha maandishi upande wa pili. Sharti kuu, ambalo nimelikuta kila mradi niliougusa, ni kuandika kilichopo. Kama karani ameandika jina la ukoo kwa tahajia tatu katika ukurasa mmoja, unaziandika zote tatu. Kama sentensi haina mwisho, unaiacha hivyo. Neno lisilosomeka halijazwi kwa kubahatisha: linawekewa alama kwenye mabano, kufuatana na maelekezo ya mradi, ili anayekuja nyuma yako ajue kwamba pale pana kazi.

Watu husumbuka na sharti hili kuliko mwandiko wenyewe. Jicho lililosoma shule linataka kusahihisha. Tarehe ni mfano mzuri. Uingereza na makoloni yake zilibadili kalenda mwaka 1752: tarehe 2 Septemba ilifuatiwa na tarehe 14, na mwanzo wa mwaka ukahamishwa kutoka 25 Machi hadi 1 Januari. Ndiyo sababu nyaraka za kabla ya hapo zina tarehe zenye miaka miwili. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731/2 kwa hesabu ya wakati ule, siku ambayo leo tunaiandika 22 Februari 1732. Ukikuta 1731/2 kwenye ukurasa, ukaiona imekosewa na kuifanya 1731, umeusogeza uzazi wa mtu mwaka mzima nyuma, na hakuna atakayejua ulifanya hivyo isipokuwa afungue picha yenyewe.

Kuhusu mwandiko, nitasema yale ambayo yamenisaidia kweli. Usianze na neno gumu. Anza na yale unayojua lazima yawepo: majina ya miezi, maneno ya kiapo ambayo makarani waliyarudia katika kila hati, jina la wilaya. Humo unajifunza jinsi karani huyu mahususi anavyofunga herufi zake, kisha unarudi kwenye neno lililokushinda ukiwa na ushahidi. Herufi ya S ndefu iliyotumika zamani inafanana na F, na kwa wiki za mwanzo itakuchanganya. Makarani walifupisha majina bila huruma: John anakuwa Jno, William anakuwa Wm huku m ikining'inia juu, James anakuwa Jas. Saba isiyosomeka vizuri inaweza kuwa moja. Wino wa nyuma ya karatasi hupenya mbele, na unajikuta unasoma mistari miwili iliyopishana. Hapo kukuza picha husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kusoma kwa sauti, polepole, kwani sikio hukamata neno ambalo jicho limelikosa, hasa kwa makarani walioandika kama walivyosikia.

Miradi hailindi usahihi kwa njia moja. Katika By the People, mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani ulioanza 2018, mtu mmoja ananakili na mwingine anakagua kabla ukurasa haujahesabiwa umekamilika. Kwenye jukwaa la Zooniverse, miradi mingi huwapa watu kadhaa ukurasa uleule bila kuonana, kisha majibu yao yanalinganishwa. Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia imekwenda njia ya tatu: magazeti ya kale yalisomwa na mashine kwanza, na tangu 2008 msomaji yeyote akikuta mstari umeharibika anaurekebisha papo hapo. Wamesharekebisha mamia ya mamilioni ya mistari. Mimi napenda ule wa mkaguzi, kwa sababu unawalazimisha watu wawili kuusoma ukurasa mmoja kwa makini, na makini ndiyo bidhaa adimu hapa.

Sasa lebo, ambazo nadhani hazijapewa heshima yake. Kunakili kunakufunga mikono: huna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Lebo inakufungua. Ni neno lako wewe, la leo, linaloeleza ukurasa una nini. Kiapo cha mjane hakisemi popote kwamba ni kiapo cha mjane. Kinaanza na jina la jimbo na tarehe. Ukurasa wa Biblia ya familia haujitambulishi. Orodha ya mali yenye jina la mtumwa haina kichwa kinachomtaja mtumwa. Mtafiti anayetafuta wanawake waliofuata vikosi, au askari weusi, au mashahidi wasiojua kuandika, hana neno la kutafutia ndani ya maandishi yenyewe, kwa sababu karani hakuwaza habari hizo. Lebo fupi inamfikisha.

Uhuru huo unahitaji kiasi. Lebo iliyobahatishwa ni mbaya kuliko ukurasa usio na lebo, maana inapeleka mtu mahali pasipo na kitu, na anayepotezwa mara mbili haamini tena. Kabla sijaweka lebo, natazama wengine waliiandikaje: umoja au wingi, herufi kubwa au ndogo, kwa sababu lebo mbili zinazotofautiana kwa herufi moja zinawatenga watu waliopaswa kukaa pamoja. Na yako maneno ya dharau ambayo hati za zamani zimejaa. Katika nakala yanabaki, maana ndiyo yaliyoandikwa na kuyafuta ni kuusafisha udhalimu. Katika lebo hayana nafasi. Hapo anayesema ni mimi, na sina sababu ya kumwita mtu kwa tusi alilopewa na aliyemmiliki.

Hapa ndipo panaponiuma. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwenye majedwali yao ya pekee. Jina lililoandikwa ni la mmiliki. Chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 34. Mvulana, 9. Mtoto mchanga, umri wake sehemu ya mwaka. Isipokuwa mara chache sana, majina hayamo. Unakili ukurasa kama huo kwa uangalifu wote ulionao, na bado hakuna jina la kumpa mtu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaorodhesha waliokuwa watumwa kwa majina yao kama watu wengine wote.

Katikati ya hizo mbili kuna daraja, nalo ni nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi iliyoundwa 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinakwisha, kuwahudumia walioachwa huru, na ikafungwa 1872. Makarani wake waliandika mikataba ya kazi, mgao wa chakula, wagonjwa wa hospitali, wanafunzi wa shule, malalamiko ya mishahara isiyolipwa. Waliandika pia ndoa. Watu waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi bila sheria kuwatambua walijitokeza kusajiliwa, na baadhi ya fomu ziliuliza kama mtu aliwahi kuishi na mwenzi mwingine kabla ya huyu, kwa miaka mingapi, na nini kiliwatenganisha. Katika nafasi hiyo ya mwisho karani ameandika kifo, au ameandika kwamba aliuzwa.

Tarehe 19 Juni 2015 ulianzishwa mradi wa kuyatoa majina yote katika nyaraka hizo. Zaidi ya watu 25,000 walijitolea, na kufikia 2016 walikuwa wamepata majina karibu milioni 1.8. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina la babu au bibi kuonekana kwenye maandishi. Lakini faharasa ya majina inakuambia tu kwamba mtu yumo. Haikuambii alisema nini. Ndiyo maana taasisi ya Smithsonian, kupitia kituo chake cha unukuzi mtandaoni, ikaendelea na kazi ndefu zaidi ya kunakili maandishi yote, neno kwa neno. Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa. Malalamiko ya mfanyakazi aliyenyimwa ujira wa mavuno yana jina lake, ndiyo, ila yana pia siku alizofanya kazi, alichoahidiwa, alichojibiwa na mwenye shamba. Sauti yake imo kwenye sentensi, na sentensi hazimo kwenye faharasa.

Hifadhi ya Arolsen nchini Ujerumani inashikilia kumbukumbu za waathirika wa utawala wa Wanazi na waliohamishwa na vita, zinazohusu watu wapatao milioni 17.5. Tangu 2020 imekuwa ikiwaomba watu duniani kote kuingiza habari za kadi za wafungwa wa kambi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, anwani ya mwisho, jamaa wa karibu. Kadi hizo zilitengenezwa na mfumo uliotaka kumgeuza mtu awe namba. Kuzinakili kunaupindua mfumo huo, kwani leo zinatumika kuwatafutia ndugu habari za wapendwa wao. Siwezi kufanya nyingi kwa wakati mmoja. Nafanya chache, nasimama, narudi siku nyingine, na sidhani mtu anapaswa kujilazimisha zaidi ya hapo.

Si kila ukurasa unabeba msiba. Old Weather, mradi ulioanza 2010, uliwapa watu vitabu vya safari vya meli za Jeshi la Majini la Uingereza za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo mabaharia waliandika upepo, joto na mgandamizo wa hewa mchana na usiku. Machi 2020, watu wengi wakiwa wamefungiwa nyumbani, Chuo Kikuu cha Reading kilitoa karatasi zaidi ya 65,000 za vipimo vya mvua vya Uingereza na Ireland. Watu wapatao 16,000 walizimaliza kwa siku 16, na takwimu rasmi za mvua za nchi zikarudi nyuma hadi 1836. Tarakimu hizo leo zimo kwenye hesabu za wataalamu wa tabianchi.

Huulizwa sana siku hizi kama mashine haitatuondoa. Ni swali la haki. Sensa ya Marekani ya 1940 ilipofunguliwa 2 Aprili 2012, picha zilitoka bila faharasa ya majina. Ilibidi ujue mtu aliishi wapi ndipo umtafute. Watu zaidi ya 160,000 wakajitolea, na ndani ya mwaka huohuo majina ya watu wapatao milioni 132 yakawa yanatafutika. Sensa ya 1950 ilipofunguliwa 1 Aprili 2022, baada ya miaka 72 ya usiri, programu ya kusoma mwandiko ilikuwa imeshaandaa faharasa ya awali, na umma ukaombwa kuisahihisha. Kazi yetu imehama kutoka kuandika kwenda kukagua.

Sioni hasara katika hilo. Programu hizi zenyewe zimefundishwa kwa kurasa walizonakili watu. Mradi wa Transcribe Bentham, ulioanza 2010 katika University College London kunakili miswada ya mwanafalsafa Jeremy Bentham, ni miongoni mwa iliyotoa kurasa za kuifundisha programu ya Transkribus. Ninachokiogopa ni kingine. Mashine ikikutana na neno lisiloeleweka huvutwa kwenye neno lililozoeleka, na inaliandika safi, bila alama ya mashaka. Jina la kawaida linapita salama. Jina adimu, la mhamiaji, la mtumwa, la mwenyeji aliyeandikwa na mgeni kwa kusikia tu, ndilo linalogeuzwa kuwa jina jingine linalofanana nalo. Yaani walewale waliokosekana kwenye faharasa za zamani wako hatarini kukosekana kwenye mpya, na safari hii ukurasa utaonekana umekamilika. Kwa hiyo kwenye nakala ya mashine mimi hukagua majina kwanza, kisha mengine.

Kama unataka kuanza, Kiingereza cha kusoma kinatosha kwa miradi mingi niliyoitaja, ila lugha nyingine zinatafutwa pia. Wanaosoma herufi za Kiarabu walihitajika sana kwenye Scribes of the Cairo Geniza, mradi wa Zooniverse wa vipande vya hati za Kiebrania na Kiarabu, na hata asiyejua kusoma aliweza kusaidia kuvipanga kwa sura ya maandishi. Katika By the People unaweza kunakili bila akaunti. Kukagua na kuweka lebo kunahitaji ujiandikishe, na jiandikishe, kwa sababu ukaguzi ndipo kurasa zinaposubiri. Chagua mwandiko mmoja ukae nao muda mrefu badala ya kurukaruka. Ukipewa faili la pensheni, usianze na maelezo ya askari, ambayo wengi hukimbilia. Pita mbele hadi kwenye viapo vya mashahidi na barua za watoto walioandika miaka mingi baadaye kuulizia malipo ya mama yao. Katika mafaili niliyopitia, hizo ndizo kurasa ambazo visanduku vyake bado viko vitupu.